Kidole Gumba cha Bi Mwiko

Jina la Bi Mwiko alipewa na majirani, na walipompa hawakukusudia kumsifu. Walimwona mwanamke mtu mzima amekaa kwenye kibaraza cha nyuma, tezo mkononi, unga wa mbao umemjaa nywele kama mvi za kuazima, wakakubaliana kwamba hiyo si kazi ya mwanamke. Na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia hivyo mbele ya tezo, wakambandika jina. Yeye akalipokea kama mtu anavyopokea mzigo wake kituoni: akalitazama huku na huku, akaona halina kasoro, akaondoka nalo.

Kazi alifundishwa na baba yake, seremala aliyemwomba Mungu watoto wa kiume akajaliwa mabinti watupu. Mwishowe mzee akaacha kubishana na aliye juu, akamtia binti yake mkubwa tezo mkononi. Tezo ilimng'ata kidole gumba cha kushoto kabla hajaizoea. Kidonda kikapona, kikaacha kovu lililopinda kama mwezi mchanga, na tangu hapo gumba hilo ndilo likawa kipimo chake. Alipokomba tumbo la mwiko, alilibonyeza humo. Gumba likienea, kina kinatosha. Vipimo vingine hakuwa navyo wala hakuvitafuta.

Mbao alipewa na karakana ya samani ya mtaa wa pili, vipande vigumu vilivyokuwa vinangoja kuchomwa moto. Mwiko mmoja ulimlia asubuhi nzima. Ukimalizika unang'aa, mpini wake umekaa mkononi kana kwamba mkono na mpini vilizaliwa siku moja. Akiupeleka sokoni, watu wanausifu sana, wanaupapasa, wanaita na wenzao waje waupapase, halafu wanakwenda kununua wa plastiki.

Ndiyo maana binti wa mdogo wake, msichana mwenye haraka zake, alimfungulia duka mtandaoni. Alimpiga picha mama yake mkubwa akiwa ameushika mwiko, gumba limelala juu ya tumbo la mwiko, akaandika maneno mawili matatu, akamwonyesha pa kubonyeza, kisha akaolewa akahamia mbali. Soko lenyewe, ambalo wauzaji wote waliliita Soko tu kana kwamba duniani hakuna jingine, lilikuwa la vitu vya aina mbili: vilivyotengenezwa kwa mkono na vilivyozeeka. Walioliasisi waliwaandikia wauzaji barua wakijiita mafundi wenzao. Ada ilikuwa ndogo hata mtu akaona haya kuinung'unikia. Miiko ikaanza kusafiri, ikafika miji ambayo Bi Mwiko alikuwa akiisikia kwenye utabiri wa hali ya hewa tu, na wanunuzi wakamwandikia maneno mazuri yaliyobaki pale dukani, kila mtu akipita anayasoma.

Kisha wale mafundi wenzao wakaliuza Soko kwa watu wa suti, na hapo ndipo habari njema zilipoanza.

Habari njema zilisomwa na mumewe. Huyu alikuwa mstaafu wa ofisi ya maji, ambako maisha yake yote ya kazi aliyapitisha akisoma barua za watu na kuzigonga mihuri. Kustaafu kulimwachia kiu ya barua. Mtaani walimwita Mzee Taarifa. Soko likituma ujumbe, yeye ndiye wa kuvaa miwani, kukohoa kidogo kama mtangazaji, na kuanza: "Mpendwa Muuzaji, tuna habari njema."

Habari njema ya kwanza ilikuwa kwamba ada imepanda, ili wauzaji wahudumiwe vizuri zaidi. Ya pili ilikuwa kwamba wanunuzi sasa watafikishiwa mizigo bure. Jambo la heri kabisa. Ila Soko lilipitiwa, halikutaja ni nani atakayelipa posta. Bi Mwiko alikwenda kujulishwa kwenye dirisha la posta. Ya tatu ilihusu matangazo: Soko litamtangazia miiko yake kila pembe ya dunia, apende asipende, na kila tangazo litakalomleta mnunuzi litakatiwa fungu lake. Akatafuta pa kukataa. Palikuwepo, kwa kweli, Soko si dhalimu. Lakini pa kukataa paliwekewa wale waliouza kidogo mno. Yeye alikuwa amefanya kazi kwa bidii kupita kiasi cha kuruhusiwa kukataa.

"Mchonga miiko naye amewekewa miiko," mumewe akasema, akacheka peke yake, kwa sababu mkewe alikuwa na msumari mdomoni.

Ikaja nyota. Muuzaji anayejibu wateja haraka, anayetuma haraka, anayeishi haraka, alipewa nyota ya kung'aa kando ya jina la duka. Bi Mwiko alivishwa kilemba hicho cha ukoka akakaa nacho kwa furaha, hadi siku aliyompeleka mumewe hospitali akatazamwe goti. Walikaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka jua linageuka. Aliporudi akakuta mteja ameuliza kama mwiko wa mbao umetengenezwa kwa mbao, na kwa kuwa swali zito kama hilo lilikaa bila jibu, nyota ilikuwa imechukuliwa.

Hakulia peke yake. Wifi yake, dada wa Mzee Taarifa, alikuwa na duka kwenye Soko hilo hilo, akiuza vyombo kuukuu: mabirika ya bati, vikombe vyenye maua, taa za mafuta, pasi za mkaa. Alivinunua majumbani kwa watu waliokuwa wanahama, akavisugua, akavipa hadithi. Kwake Soko lilileta kanuni kwamba kila kitu cha zamani kionyeshe ushahidi wa umri wake.

"Wanataka cheti cha kuzaliwa cha birika," wifi akasema. "Mimi mwenyewe sina, na hakuna aliyewahi kushuku kuwa nimezeeka."

Wifi huyu alikuwa na jicho la mwewe na ulimi wa wembe, na ndiye aliyeuona msiba kabla ya mwenye msiba. Alikuja siku moja adhuhuri, hakupiga hodi, akakaa juu ya gogo la kuchongea bila kuangalia kama limefutwa, akamsogezea Bi Mwiko simu.

"Wifi, hiki kidole cha nani?"

Bi Mwiko alitazama. Lilikuwa duka asilolijua, lina nyota, lina maelfu ya wateja, linauza miiko "iliyochongwa kwa mikono yenye upendo" kwa bei ya kiberiti. Juu kabisa ilikuwa picha ya mwiko wake. Na juu ya mwiko lilikuwa limelala gumba lake, kovu na yote, limetulia kama la mtu aliyekwenda kutembelea ndugu.

Mwanzoni alihisi kitu cha ajabu, kama mtu anayeiona nguo yake imevaliwa na mgeni barabarani. Hasira ilikuja baadaye, na ilipokuja ilikaa. Picha zote nane zilikuwa zake. Hata doa la chai kwenye kitambaa cha meza lilikuwa lake.

Wifi, ambaye haamini kitu mpaka akishike, akaagiza mwiko mmoja wa duka lile. Ukafika umefungwa vizuri sana, mzuri kwa mbali. Ulinuka gundi. Bi Mwiko akautia kwenye sufuria ya supu, akakoroga mara chache tu, na kichwa kikabaki chini ya sufuria wakati mpini unarudi juu. Ulikuwa unga wa mbao ulioshindiliwa pamoja na matumaini. Supu ilimwagwa. Mzee Taarifa, aliyekuwa ameketi mezani na kijiko chake, akainuka akakirudisha kabatini.

Wakapeleka malalamiko. Soko lilikuwa limewapunguza watu waliokuwa wakijibu malalamiko na kuweka mashine mahali pao, na mashine hiyo, kwa kejeli ambayo bila shaka haikukusudiwa, iliitwa Rafiki. Rafiki alijibu papo hapo, kwa Kiswahili kilichopigwa pasi kikakauka. Alimshukuru Bi Mwiko kwa kuwa sehemu ya familia. Alimhakikishia kwamba Soko linachukia wizi. Alimuuliza kama jibu hilo limemsaidia, ndiyo au hapana. Akabonyeza hapana. Rafiki akamshukuru kwa maoni yake.

Siku chache baadaye jibu likaja, na Mzee Taarifa akavaa miwani.

"Mpendwa Muuzaji," akasoma, kisha akanyamaza, akasoma kimya kimya, jambo ambalo mkewe hakuwahi kuliona. "Mama, hapa hawakuandika habari njema."

Soko lilikuwa limechunguza. Uchunguzi ulibaini kwamba picha za duka la Bi Mwiko zinafanana mno na za duka jingine lenye sifa kubwa zaidi. Kwa kuwa Soko halivumilii wizi wa picha, duka la Bi Mwiko lilikuwa limefungwa. Kama ana pingamizi, athibitishe kwamba kidole ni chake.

Aliicheka barua hiyo kwanza. Kisha aliingia ndani, akaosha vyombo vilivyokuwa visafi, akavipanga upya kabatini, na mumewe akajua asimfuate.

Uthibitisho uliotakiwa ulikuwa filamu: mchongaji aonekane akichonga tangu gogo hadi mwiko. Wifi alitoa simu yake, iliyokuwa na jicho zuri zaidi, lakini hasira haikumwacha atulie, na maneno yake yalikuwa ya aina isiyofaa kwenye ushahidi. Basi kazi ikaangukia kwa Mzee Taarifa. Akawekwa kwenye kigoda mbele ya mkewe, akaambiwa ashike simu, asitikisike, asizungumze.

Sasa, mzee huyu alikuwa ameishi na miiko miaka mingi. Aliiona asubuhi ni gogo na mchana ni mwiko, na katikati alikuwa ofisini, au kwenye kahawa, au nyuma ya gazeti. Siku ile, kwa kuwa simu haikumruhusu kuangalia pengine, alimwona mkewe akiligeuza gogo na kuligonga kwa kucha akisikiliza. Alimwona akipiga tezo kando tu ya vidole vyake, vipande vikiruka kama panzi, bila kupepesa. Alimwona akichukua kisu kilichopinda na kukomba tumbo la mwiko kwa mivuto mifupi, akilibonyeza gumba, akikomba tena, akilibonyeza, mpaka uso wake ukalainika na mzee akajua gumba limeenea. Mkono wa kushikia simu ulimfa ganzi.

Baadaye, wakati wa kula, aliuliza bila kuinua macho, "Siku zote huwa unapiga karibu na vidole hivyo?"

"Siku zote."

"Na mimi nikawa nalalamika chai imechelewa," akasema, akaendelea kula.

Filamu ilipelekwa. Rafiki akajibu kwamba ni nzuri sana, ila kidole kinachoonekana hakiwezi kuthibitishwa kuwa ni cha mwenye akaunti, kwa kuwa picha ya mwenye akaunti inaonyesha uso peke yake. Wakapiga picha ya uso na kidole pamoja, Bi Mwiko amelisimamisha gumba kando ya shavu kama mtu anayesifia dawa ya meno. Rafiki akajibu kwamba picha hiyo inafanana mno na kidole kilichomo kwenye duka jingine.

Wakati huo wauzaji wengine nao walikuwa wamefikwa na maji shingoni. Walikuwa na kundi lao la kupashana habari simuni: mtengeneza mishumaa, mshona viatu, mama mmoja wa vikapu, wauza vyombo kama wifi. Wakakumbushana kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, wakaamua kila mmoja afunge duka kwa wiki nzima ili Soko lione uzito wao. Bi Mwiko aliunga mkono kwa moyo wote, mpaka alipotaka kufunga akakumbuka kwamba amekwishafungiwa. Akawa mgomaji pekee aliyezuiwa kugoma. Mshona viatu alimfariji kwa kumwambia kwamba yeye ndiye aliyewatangulia.

Soko liliuona mgomo. Liliwatumia wagomaji wote ujumbe wa kuwatakia mapumziko mema, na kwa muda wa wiki ile likawaelekeza wanunuzi wao kwenye maduka yaliyokuwa wazi, yaani ya viwanda. Wifi alirudi kazini akiwa ameuza birika sifuri na amepata ushauri wa namna ya kupumzika bila simu.

Kisha asubuhi moja Mzee Taarifa akatoka chumbani na viatu vya kushoto na kulia vimebadilishana, miwani imempanda paji la uso.

"Tuna habari njema," akasema. "Kweli safari hii. Nadhani."

Soko lilikuwa limemaliza uchunguzi wa kina. Limegundua kwamba maduka mawili yale yana kidole kimoja, na kwa kuwa mtu mmoja hawezi kuwa na vidole viwili vinavyofanana, wala watu wawili kidole kimoja, basi ni dhahiri mwenye maduka ni mmoja. Ili kumrahisishia mambo, Soko limeyaunganisha. Duka la zamani zaidi likawa ndilo mama, na Bi Mwiko akaamka kuwa mmiliki wa duka la kiwanda, lenye maelfu ya wateja, bidhaa za kila namna, na nyota.

Walikaa watatu mezani kulijadili jambo hilo. Mzee Taarifa, mtu wa ofisi, alisema barua rasmi ni barua rasmi, na haifai kubishana na iliyogongwa muhuri. Wifi alikuwa na maneno machache zaidi.

"Nyamaza, uuze," akasema.

Na lazima isemwe kwamba kwa mchana mzima Bi Mwiko alinyamaza. Aliziangalia oda zikiingia kama maji ya bomba lililopasuka. Aliwaza paa la kibaraza, lililokuwa linavuja. Aliwaza kwamba mwizi akiibiwa si msiba mkubwa. Hakuwa malaika, alikuwa mchonga miiko aliyechoka.

Kilichomwamsha ni malalamiko, kwa sababu nayo sasa yalikuwa yake. Mwiko umevunjika. Mwiko umeacha unga kwenye chakula cha mtoto. Mwanamke mmoja aliandika kwamba aliununua kwa sababu ya kile kidole, kilimkumbusha cha mama yake, na kwamba anasikitika kidole kile kimemdanganya. Bi Mwiko akausoma ujumbe huo akiwa amesimama. Kisha akakaa chini akafungua kila bidhaa ya kiwanda, moja baada ya nyingine, akafuta ile mikono yenye upendo, akaandika: "Mwiko huu umetengenezwa na mashine kwa unga wa mbao na gundi. Unafaa kupambia ukuta. Usiutie kwenye kitu cha moto." Na kila aliyelalamika akamjibu kwa jina lake, akamweleza yaliyotokea, akamwomba radhi kwa kosa asilolifanya.

Mauzo yakapanda. Watu wakaandika kwamba hatimaye wamempata muuzaji mkweli, wakanunua miiko ya kupambia ukuta kwa wingi. Na kwa kuwa alijibu malalamiko haraka ajabu, Soko likamwandikia kumpongeza kwa huduma bora.

Hapo ndipo mtu wa kiwanda alipojitokeza. Ulikuja ujumbe mfupi: "Dada, naomba tuongee kama binadamu." Bi Mwiko aliurudia mara mbili. Katika miezi yote ile ya barua na filamu na picha za shavu, mtu wa kwanza mwenye pumzi kumjibu alikuwa mwizi wake.

Mtu huyo akapiga simu. Nyuma ya sauti yake mashine zilikuwa zinanguruma, na yeye mwenyewe alisikika kama mtu aliyelala kwenye kiti. Alijitambulisha kuwa ni meneja wa kiwanda, kiwanda kidogo, akasisitiza, na kwamba zile picha aliuziwa kwenye fungu moja na mtu anayeuza picha.

"Sikujua ni kidole cha mtu," akasema. "Nilidhani ni kidole cha mtandaoni tu."

"Cha mtandaoni kilipata wapi kovu, kaka?"

Mashine zikanguruma kwa niaba yake.

"Mama," akasema hatimaye, kwani dada lilikuwa limekwisha nguvu, "mimi nilijua ipo siku nitakamatwa. Nilijiandaa. Nilikuwa na barua ya kuomba msamaha tayari. Lakini sikujiandaa Soko likupe wewe duka langu. Nina watu ishirini hapa wanasubiri mshahara, na oda zote zinaingia kwako."

"Nami nilikuwa na duka, halina watu ishirini, lina mimi. Uliuza kidole changu kwa bei ya kiberiti, wakanifungia mimi."

"Najua."

"Basi useme."

"Nilikuibia," meneja akasema. Alilisema taratibu, kama mtu anayetoa mwiba.

Bi Mwiko hakutegemea kwamba neno hilo lingemtosha, lakini lilimpunguzia kitu kifuani. Wakapatana. Bi Mwiko atamrudishia duka lake, meneja ataziondoa picha zote, na maelezo yatabaki kama alivyoyaandika Bi Mwiko, na ukweli wake. Meneja alisita hapo, akasema Soko ni la vitu vya mkono, akiandika mashine watamfukuza. Bi Mwiko akamshauri aangalie mauzo ya wiki ile kwanza. Meneja akaangalia. Hakubisha tena.

Kutengana ndiko kulikokuwa na kazi. Rafiki hakuwa na njia ya kurekebisha kosa, maana Soko halikosei. Alikuwa na njia moja tu ya kugawa duka: wabia wavunje ubia. Ikabidi Bi Mwiko na mtu asiyemjua sura wakiri kwa maandishi kwamba walikuwa wabia, kwamba walipendana kibiashara, na kwamba sasa wameshindwana. Palikuwa na sababu za kuchagua. Hakuna iliyohusu vidole. Wakachagua "tofauti za maono."

"Hongera, wifi," dada wa mumewe akasema. "Umeachika bila kuolewa."

Soko likawatenganisha haraka kuliko lilivyowahi kufanya jambo lolote, likawasikitikia wote wawili, likawagawia mali. Nyota ikabaki kwa meneja. Maneno ya wateja nayo, ya miaka yote, yakabaki kwa meneja, kwa kuwa aliyeuza vingi ndiye mwenye haki nayo. Bi Mwiko alipofungua duka lake akakuta limefagiliwa, na juu yake maandishi ya rangi: "Karibu, muuzaji mpya! Je, umewahi kuuza kitu mtandaoni?"

Ada, nyota na posta vyote alivimeza. Hili lilimkaa kooni. Yalikuwemo maneno ya babu mmoja aliyeandika kwamba mkewe hawezi tena kushika kitu, ila mpini ule anaushika, na sasa maneno hayo yalikuwa yanasifia unga wa mbao. Alimpigia meneja, bila kudai, akamwambia tu. Meneja akasema hana uwezo wa kuyahamisha, Rafiki amekwishakataa. Lakini siku iliyofuata simu ya Bi Mwiko ikaanza kulia, ikalia mpaka mumewe akadhani imeharibika. Meneja alikuwa amekaa kitako akiyanakili, yote ya miiko halisi, akimtumia moja moja. La babu alilitanguliza. Kumbe naye alikuwa anayasoma.

Bi Mwiko hakumsamehe kwa siku ile, na hata baadaye hakumaliza. Lakini wakati mashine ya kukatia magogo ilipoharibika kwenye karakana ya mtaa wa pili na vipande vya mbao vikaadimika, ni meneja aliyemtuma fundi, na Bi Mwiko hakuona haja ya kukataa fundi kwa sababu ya aliyemleta.

Aliendelea kuuza Sokoni, muuzaji mpya mwenye mvi, bila nyota na bila haraka. Sehemu nyingine ya miiko akaipeleka kwenye duka la vyombo karibu na kituo, ambako mwenye duka aliipanga mlangoni, watu wakawa wanaipapasa kama zamani. Ila sasa mmoja mmoja anatoa pesa. Wifi alihama kabisa. Alikodi nusu ya kibanda, akaandika kwa chokaa mlangoni kwamba vitu vyake vyote ni vikongwe na mwenye shaka aviulize vyenyewe.

Na Mzee Taarifa akaomba msasa. Hakuomba kwa maneno mengi. Alikaa kwenye kigoda kile cha kupigia filamu, akanyoosha mkono. Alikuwa fundi mbovu. Alisugua upande mmoja akasahau wa pili, na mkewe alilazimika kurudia nyuma yake bila yeye kuona. Habari zikafika Sokoni, maana kwenye fomu mpya kulikuwa na swali kama kuna mtu mwingine anayesaidia kutengeneza bidhaa, na Bi Mwiko, ambaye ukweli ulikuwa umemletea bahati mara moja, akaandika ndiyo, mume wangu. Rafiki akajibu papo hapo, akaomba cheti cha usajili wa mume, anwani ya kiwanda chake, na idadi anayoweza kuzalisha kwa mwezi.

Mzee alivaa miwani akausoma ujumbe huo kwa sauti hadi mwisho, kituo kwa kituo.

"Tuwajibu nini?" akauliza.

"Waambie hawezi kuzalisha," mkewe akasema. "Kisha ugeuze mwiko huo, upande wa chini bado una vibanzi."